Imesemwa Wapi? Makundi ya Kujadili Kitabu Katika Sekondari Msingi

Wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia gredi ya 7 nchini Kenya mnamo Januari 2023, na pamoja nao ukaingia utaratibu ambao walimu wengi wa Kiswahili hawakufundishwa nao walipokuwa wanafunzi. Mtaala unataka mwanafunzi wa sekondari msingi asome kwa kina, asome kwa mapana matini aliyojichagulia, kisha ajadiliane na wenzake kuhusu alichokisoma. Kwa hiyo kuwaweka watoto katika makundi si jambo la hiari ya mwalimu tena. Madawati yanageuzwa, watoto watano watano wanainamiana, chumba kinajaa sauti. Kinachobaki bila jibu ni nini hasa kinachomfanya mtoto ainuke pale akiwa msomaji bora kuliko alivyoketi. Ninavyoona, si maongezi yenyewe. Kundi la kujadili kitabu humfaa msomaji pale tu linapomlazimisha arudi kwenye ukurasa na kuisoma upya sentensi aliyodhani ameielewa. Kila uamuzi wa mwalimu anapopanga makundi haya, kuanzia kitabu na swali hadi idadi ya wanafunzi na namna ya kutoa alama, unapaswa kupimwa kwa kigezo hicho.

Ushahidi mwingi kuhusu jambo hili unatoka Marekani, ambako majadiliano ya darasani yamechunguzwa kwa miongo mingi. Martin Nystrand na Adam Gamoran walipochunguza madarasa ya Kiingereza ya gredi ya 8 na ya 9 mwishoni mwa miaka ya 1980, walikuta kwamba majadiliano huru, yale ambayo wanafunzi wanajibizana bila mwalimu kuuliza swali ambalo jibu lake tayari analo, yalichukua kwa wastani chini ya dakika moja katika kipindi kizima. Mwaka 2003, wawili hao pamoja na Arthur Applebee na Judith Langer walichapisha uchunguzi wa madarasa 64 ya shule za kati na za sekondari. Madarasa yaliyojadili kwa uzito na kudai kazi ngumu yalifanya vizuri zaidi, wala faida hiyo haikuwaangukia wanafunzi hodari peke yao. Mtu angeweza kuishia hapo na kusema basi, watoto waachwe waongee. Lakini mwaka 2009 P. Karen Murphy na wenzake walizipitia kwa pamoja tafiti nyingi za mbinu za kujadili matini, wakakuta jambo linalopaswa kumfanya kila mpangaji atulie kidogo: mbinu nyingi ziliongeza maongezi ya wanafunzi na kupunguza ya mwalimu, ila maongezi kuongezeka hakukuwa na maana kwamba ufahamu nao umeongezeka. Mtoto anaweza kuongea sana kuhusu kitabu na asikielewe zaidi ya alivyokielewa jana.

Matokeo hayo mawili hayapingani. Tofauti iko katika kile ambacho maongezi yanamdai msemaji. Mwanafunzi anayesema kwamba mhusika fulani ni mwoga, wenzake wakaitikia na kuendelea, hajafanya kazi yoyote ya kusoma. Mwanafunzi huyo huyo akipingwa na mwenzake, akaulizwa jambo hilo limesemwa wapi, hana budi kufungua kitabu, kutafuta mahali, kusoma mistari inayotangulia na inayofuata, na pengine kugundua kwamba mhusika hakuogopa bali alikuwa akimlinda mtu. Kusoma tena kwa sababu kuna jambo la kuthibitisha ni kusoma kwa aina nyingine kabisa. Hapo ndipo ufahamu unapokua, na ndiyo maana ya kuwa na kundi dogo badala ya mjadala wa darasa zima. Chukua kipindi cha dakika 40 katika darasa la wanafunzi 60, na tuseme dakika 20 zimetengewa sauti za wanafunzi. Darasa zima likiongea kwa zamu, kila mmoja anapata sekunde 20. Katika kundi la watu watano, anapata dakika nne. Ndani ya sekunde 20 mtu huweza kutoa maoni tu. Dakika nne zinatosha kuyatoa, kupingwa na kurudi kitabuni.

Wapo wanaodhani kwamba utaratibu huu ni mgeni kwetu na kwamba watoto wa Kiafrika wanalazimishwa jambo la kigeni. Dai hili halisimami mbele ya historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe. Washairi wetu wamejibizana kwa karne nyingi, na malumbano yao yaliendelea katika magazeti tangu lilipoanzishwa Mambo Leo huko Tanganyika mwaka 1923. Anayejibu hushika bahari ya mwenzake, mara nyingi na vina vyake, na hulijibu neno lililosemwa kama lilivyosemwa. Hawezi kujibu shairi ambalo hakulisoma kwa makini, maana wasomaji wote wanalo mbele yao na watamuumbua. Nidhamu hiyo ya kumshika mwenzako kwa maneno yake ndiyo hasa tunayotaka kwa mtoto wa miaka 13. Tunayo tayari, na mwalimu angefanya vyema kuwaonyesha wanafunzi jozi moja ya mashairi ya kujibizana kabla ya kuwagawa katika makundi.

Tuanze basi na kitabu, kwa kuwa kosa likifanyika hapo hakuna swali litakaloliponya. Vitabu vingi vinavyoandikiwa rika hili vinamaliza mjadala kabla haujaanza: mtoto mtiifu anafanikiwa, mkaidi anapata ajali au anafukuzwa shule, na ukurasa wa mwisho unatangaza funzo. Vitabu hivyo vina kazi yake katika kukuza msamiati, lakini kundi halina la kubishania. Kitabu cha kujadili ni kile ambacho watu wawili wenye akili timamu wanaweza kukisoma na wasikubaliane kuhusu uamuzi wa mhusika. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari Kenya. Kongowea analelewa Tanga na mama asiye na mume, anadhihakiwa kwa kutojulikana baba yake, na baada ya mama kufariki anafunga safari hadi Kenya kumtafuta baba huyo asiyemjua. Je, ana deni lolote kwa mtu ambaye hakumlea? Swali hilo linawagusa watoto wengi katika darasa lolote la Kenya, na jibu lake haliko katika sentensi moja bali limetawanyika katika kitabu kizima. Kwa maoni yangu, lugha yake inafikika kwa mwanafunzi wa gredi ya 9 anayesaidiwa kidogo. Kwa gredi ya 7, na kwa mwalimu anayejaribu jambo hili kwa mara ya kwanza, hadithi fupi moja ya kurasa nane au kumi ni bora kuliko riwaya. Inasomwa yote kwa muda mfupi, inaweza kurudiwa mara mbili, na mwanafunzi aliyekosa shule siku moja hapotezi uzi wa muhula mzima.

Hapa panazuka pingamizi la kwanza na lenye uzito kuliko yote: vitabu viko wapi? Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2018 kuwafanya wachapishaji wapeleke vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na hali ya vitabu hivyo ikawa bora zaidi kuliko zamani. Vitabu vya hadithi ni jambo jingine. Shule nyingi zina nakala chache, baadhi zimefungiwa kabatini zisichakae, na mzazi anayelipa karo ya ndugu wawili au watatu hawezi kuambiwa kila muhula anunue riwaya. Pingamizi hili ni la kweli, ila linaelekea mahali tofauti na wengi wanakolipeleka. Uhaba wa nakala unaliumiza zaidi darasa linalofundishwa kwa mhadhara, ambapo kila mmoja anahitaji kitabu mkononi kwa wakati uleule, kuliko darasa la makundi. Darasa la wanafunzi 60 lililogawanywa makundi 12 linahitaji nakala 12 tu ikiwa kila kundi linasoma kwa sauti kwa zamu, na nakala hizo hizo zinaweza kuhudumia mikondo mitatu kwa siku tofauti. Zikiwa sita, makundi sita yanasoma na kujadili huku mengine sita yakiandika, kisha yanabadilishana. Kisichowezekana ni kujadili kitabu bila nakala hata moja ndani ya kundi. Mwalimu akisimulia hadithi kwa mdomo halafu akawaambia wajadili, atakuwa amewanyima kile kitu kimoja ambacho zoezi zima linakitegemea, yaani ukurasa wa kurudia. Afadhali hadithi ya kurasa mbili iliyonakiliwa ubaoni na daftarini kuliko riwaya nzima iliyosimuliwa.

Kitabu kikishapatikana, kinagawanywaje? Desturi ni kugawa kwa kurasa, kumi wiki hii na kumi wiki ijayo, na matokeo yake ni kwamba kipindi kinaishia katikati ya tukio ambalo hakuna anayeweza kulitolea hukumu. Ni bora kukata pale ambapo mhusika ametenda jambo au anakaribia kulitenda, hata kama sehemu moja itakuwa na kurasa tano na nyingine kumi na mbili. Vitabu vingine vinajigawa vyenyewe. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, imejengwa juu ya Karama anayejitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali na kurudi kufungwa badala ya kushukuriwa. Kila mjumbe ni kikao kamili, na kila kikao kinaongeza ushahidi juu ya swali lilelile: nchi inayowaadhibu wanaoiletea maarifa inaogopa nini? Lugha yake inataka msaada mwingi wa mwalimu, lakini muundo wake ni zawadi kwa anayepanga vikao sita katika muhula mmoja.

Kabla ya kikao, kila mwanafunzi lazima awe ameandika kitu peke yake. Sharti hili ndilo linalorukwa mara nyingi kuliko yote, kwa kisingizio cha muda. Kundi ambalo wanachama wake hawajaandika lolote humfuata msemaji wa kwanza, na msemaji wa kwanza kwa kawaida ni mtoto yuleyule kila wiki. Maandishi hayahitaji kuwa marefu. Sentensi moja iliyonakiliwa kutoka kitabuni pamoja na nambari ya ukurasa, swali moja ambalo mwanafunzi hana jibu lake, na jambo moja asilokubaliana nalo, vinatosha. Dakika saba mwanzoni mwa kipindi zinamudu kazi hiyo pale ambapo watoto hawawezi kwenda nyumbani na kitabu. Aliyenakili sentensi ameshaisoma mara mbili, na ana kitu cha kusimamia hata kama ni mkimya.

Halafu kuna swali, na hapa ndipo mwalimu anapopaswa kutumia muda mwingi wa maandalizi yake. Maswali yanayotawala madarasa yetu ni ya namna mbili. Ya kwanza yanauliza kilichotajwa: mhusika alitoka mji gani, aliambatana na nani. Hayana mjadala, kwa sababu mmoja akishajibu wengine hawana la kuongeza. Ya pili yanaamuru orodha: taja sifa tatu za mhusika, eleza maudhui manne. Haya yanaonekana mazito, lakini kundi huyajibu kwa kugawana: wewe toa sifa ya kwanza, mimi ya pili, yeye ya tatu, tumemaliza. Hakuna aliyemsikiliza mwenzake wala aliyefungua kitabu. Swali linalofaa kundi lina sifa inayoweza kujaribiwa mezani kabla ya kuingia darasani: mwalimu ajaribu kulijibu kwa njia mbili zinazopingana, na kwa kila njia atafute mahali pawili kitabuni panapoiunga mkono. Akishindwa kupata upande wa pili, hilo si swali la kujadili. Akipata pande zote mbili bila kufungua kitabu, basi ni swali la maisha kwa jumla, na watoto watalijadili kwa kusimulia habari za jirani na shangazi, wakiacha kitabu kimefungwa. “Je, ni vizuri kusamehe?” ni swali la maisha. “Kwa yale anayoyajua kufikia ukurasa huu, je, Kongowea ana sababu ya kutosha ya kuondoka Tanga?” ni swali la kitabu. Maneno “kufikia ukurasa huu” yana kazi kubwa. Yanawazuia waliosoma mbele au waliosimuliwa mwisho kuwafungia wenzao mjadala, na yanamlazimu kila mmoja kupima ushahidi uliopo badala ya kukisia anachotaka mwandishi.

Swali moja kama hilo linatosha kipindi kizima. Walimu wengi huandika matano kwa kuogopa kwamba watoto watamaliza mapema na kuanza fujo, na hofu hiyo ndiyo inayoleta kile wanachoogopa, kwa kuwa kundi lenye maswali matano hushughulikia kuyamaliza. Likipewa moja, na sharti kwamba kila dai litajwe pamoja na ukurasa, linakwenda polepole. Wakimaliza kweli mapema, wana maswali yao wenyewe waliyoyaandika daftarini, na mara nyingi hayo ni bora kuliko ya mwalimu.

Kuhusu kumpa kila mwanachama wadhifa wake, mfano unaotajwa sana ni ule wa Harvey Daniels wa Chicago, ambaye kitabu chake cha mwaka 1994 kilisambaza duniani wazo la makundi ya fasihi yenye kazi maalumu: mmoja anaongoza, mwingine anatafuta vifungu vizuri, mwingine msamiati, mwingine anachora, mwingine anaunganisha hadithi na maisha. Karatasi za kazi hizo zilienea haraka kwa kuwa zinampa mwalimu kitu cha kukusanya na kutia alama. Ni muhimu kujua kwamba Daniels mwenyewe, katika toleo la pili la mwaka 2002, alionya kwamba karatasi hizo zilikuwa zimegeuka kuwa kazi ya mazoea inayoua mazungumzo, na akashauri zitumike kwa muda mfupi tu kisha ziwekwe kando. Si vigumu kuona sababu. Mtoto aliyepewa msamiati anausoma ukurasa akiwinda maneno magumu, akiyapata anajiona amemaliza, na hadithi inampita. Kwa madarasa yetu ningebakisha nyadhifa mbili za zamu: msimamizi anayehakikisha kila mtu amesema kabla ya mtu yeyote kusema mara ya pili, na katibu anayeandika madai mawili yaliyopingana pamoja na kurasa zake. Kazi ya kuuliza “imesemwa wapi?” isiwe ya mtu mmoja. Hiyo ni haki ya kila mmoja dhidi ya kila mmoja, na dhidi ya mwalimu pia.

Idadi ya wanne au watano ni sawa. Watatu wakikosa mmoja wanabaki wawili, na sita hugawanyika vikundi viwili bila kuagizwa. Makundi yadumu kwa muda wote wa kitabu kimoja, ili wanachama wakumbushane waliyosema wiki iliyopita, kisha yavunjwe. Marafiki watupu wasikae pamoja, maana marafiki hukubaliana. Jambo gumu zaidi ni wasomaji dhaifu. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa na mpango wa Uwezo nchini Kenya, Tanzania na Uganda ulionyesha tena na tena kwamba wapo watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi ambao bado hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Nchini Kenya, mpango wa Tusome ulioanza mwaka 2015 uliwapa watoto wa madarasa ya chini kitabu kila mmoja na kusaidia wengi, lakini hakuna mwalimu wa gredi ya 7 atakayesema kwamba watoto wake wote wanasoma kwa ufasaha. Mpinzani atasema watoto hao wasubiri, wafundishwe kwanza kusoma, majadiliano yatakuja baadaye. Sikubaliani. Mtoto anayesikiliza mwenzake akisoma kwa sauti huku macho yake yakifuata mstari anapata mazoezi ya kusoma anayoyahitaji, na akili yake ya miaka 13 inapata chakula cha umri wake. Kumpa mtoto huyo vitabu vya watoto wa miaka saba peke yake kunamwambia kwamba fikra zake nazo ni za miaka saba. Anahitaji vyote viwili, yaani masomo ya ziada ya kusoma na nafasi katika kundi, na kimoja kisitumiwe kama sababu ya kumnyima kingine.

Lugha italeta ubishi wake. Nairobi watoto watateleza kwenye Sheng, vijijini kwenye lugha ya nyumbani, na kwingine kwenye Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili anayeona kipindi chake kikiliwa na lugha nyingine ana haki ya kukasirika. Hata hivyo, kumkatiza mtoto aliyeko katikati ya hoja ili kumsahihisha kunaua hoja na hakuiponyi lugha. Njia inayoheshimu vyote ni kuacha maongezi ya ndani ya kundi yaende yanavyokwenda, huku kila kinachonukuliwa kutoka kitabuni kikisomwa kama kilivyoandikwa, na kila kinachoandikwa au kusemwa mbele ya darasa zima kikiwa Kiswahili sanifu. Kila safari ya kurudi kitabuni inakuwa pia safari ya kurudi kwenye Kiswahili kizuri, kwa sababu mtoto anayetetea dai lake kwa maneno ya Shaaban Robert au Walibora lazima ayatamke.

Nafasi ya mwalimu mwenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana, na inagusa malezi. Watoto wengi wamelelewa wasibishane na mkubwa, na wengi, hasa wasichana katika makundi ya mchanganyiko, hunyamaza mwalimu anapokaribia. Hakuna haja ya kuyavunja maadili hayo. Anayepingwa hapa ni dai la mwenzao, na kinachompinga ni ukurasa. Heshima kwa mkubwa inabaki ilipo. Mwalimu apite, asikilize, aandike alichosikia, na akiulizwa nani yuko sahihi arudishe swali kwa kuuliza mahali. Mary Budd Rowe alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye hoja. Kusubiri ni ustadi, na unahitaji mwalimu aliyekisoma kitabu mara mbili, kwa kuwa asiyekijua vizuri hawezi kuvumilia ukimya.

Pingamizi la mwisho ndilo linalotajwa zaidi katika vikao vya wazazi: mtihani. Gredi ya 9 inaishia kwa mtihani wa kitaifa wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, nao unabeba asilimia 60 ya matokeo ya kumpangia mwanafunzi nafasi ya sekondari ya juu. Mzazi anauliza kama kukaa kujadili riwaya kutaongeza alama. Jibu linapatikana kwa kutazama kilichotokea katika sekondari za mfumo wa 8-4-4. Huko vitabu teule vimezungukwa na miongozo inayoorodhesha maudhui, wahusika na mbinu za lugha, na wanafunzi wengi husoma mwongozo badala ya riwaya. Akiulizwa swali lisilo katika orodha, au akipewa kifungu cha ufahamu ambacho hakijaandikiwa mwongozo, mwanafunzi huyo hana la kusimamia. Sehemu ya ufahamu katika mtihani wowote humletea mtahiniwa kifungu asichowahi kukiona na kumtaka athibitishe jibu lake kutoka humo. Hicho ndicho anachokifanyia mazoezi kila wiki katika kundi linaloulizana “imesemwa wapi?”. Aidha, asilimia 20 ya matokeo hayo hutokana na tathmini za shuleni, ambako mwalimu ana uhuru wa kupima jambo hili moja kwa moja. Apime maandishi, asipime maongezi. Akitoa alama kwa kuhesabu nani amesema mara ngapi, atawapata wasemaji wengi na wasomaji wachache. Dakika nane za mwisho kila mwanafunzi aandike aya fupi: nilidhani nini, mwenzangu alinionyesha ukurasa upi, sasa nasema nini. Aya hiyo inaonyesha wazi nani amefikia matarajio na nani yuko mbali nayo, na haimwonei mtoto mkimya.

Itatokea kwamba kundi zima likubaliane juu ya kosa, waseme mhusika amekufa kumbe amezirai. Kosa la aina hiyo linarekebishwa katika dakika tano za darasa zima, pale makatibu wanaposoma madai yao na kundi jingine linapofungua ukurasa uleule. Mwalimu aingilie kati kwa nguvu pale ambapo kitabu kimesema wazi na watoto wamekosea. Pale ambapo kitabu kimeacha nafasi, aiache nafasi hiyo pia. Kuhusu kelele, walimu wa madarasa ya jirani watazoea, na zikizidi madawati yanaweza kupelekwa nje chini ya mti.

Haya yote yanaweza kuanza muhula ujao bila kusubiri fedha wala waraka kutoka wizarani. Kiswahili kina vipindi vinne kwa wiki katika sekondari msingi. Mwalimu achukue kimoja, hadithi fupi moja ya kurasa zisizozidi kumi, na swali moja alilolijaribu mwenyewe kwa pande mbili. Mwalimu mkuu naye afungue lile kabati.